Tangi Jipya Ng'ambo ya Mombasa: Samaki wa Kwanza Aingie Lini?

Anayenunua tangi la samaki Likoni, Kisauni au Changamwe hupewa jibu mojawapo kati ya mawili. La kwanza ni la muuzaji: "Yaache maji yalale usiku mmoja, kesho njoo uchukue samaki." La pili ni la vitabu na video kutoka Ulaya na Marekani: nunua kipasha maji, subiri wiki sita, kisha upime. Jibu la muuzaji limeshaua samaki wengi. La vitabu ni salama zaidi, ila limeandikwa kwa nyumba yenye baridi, bomba lisilokauka na umeme usiokatika, na mtu wa Mtongwe au Bombolulu akilifuata neno kwa neno atatumia pesa pasipohitajika na kulegea pale penye hatari.

Hatari yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Ziwani au baharini amonia hiyo hutawanyika katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo cha lita mia haina pa kwenda, na inamuunguza samaki matamvua yale yale yaliyoitoa. Kinachomwokoa ni vijidudu vinavyoota juu ya sponji, changarawe na kioo: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi. Kukomaza tangi ni kuwapa makundi hayo mawili muda na chakula mpaka wawe wengi wa kutosha kabla samaki hajaingia.

Elimu hii ina historia ya baba na mwana. Robert Warington, mkemia wa London, ndiye aliyeonyesha mwaka 1850 kwamba samaki, mimea na konokono wanaweza kuishi pamoja muda mrefu katika chombo cha kioo bila maji kubadilishwa. Mwanawe, ambaye pia aliitwa Robert Warington, alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na huko akathibitisha kwamba amonia haiwi nitreti kwa mkupuo mmoja: kuna hatua mbili, na kila hatua ina viumbe wake. Viumbe wenyewe hakuweza kuwatenga. Hilo lilifanywa na Mrusi Sergei Winogradsky mwaka 1890 akiwa Zurich. Baba alitengeneza tangi, mwana akagundua kinacholiendesha, na sioni dalili kwamba wapenzi wa samaki wa zama hizo waliunganisha mambo hayo mawili.

Kwa karibu miaka mia moja vitabu vilirudia majina ya vijidudu vya udongoni, Nitrosomonas na Nitrobacter. Kisha mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake wakaonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya kuondoa nitraiti hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka 2005 kiumbe cha jamii ya akia, jamii iliyo mbali kabisa na bakteria, kilitengwa kutoka tangi la maji ya bahari huko Seattle, nacho kinaishi kwa kula amonia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, wakakuta akia wa aina hiyo wakitawala katika filta nyingi za matangi ya maji baridi ya majumbani. Haya yana maana kwa anayemimina amonia katika tangi lake: akia hao wanapenda amonia ikiwa kidogo sana, na hata bakteria wa nitraiti hudumaa amonia ikizidi. Anayedhani kwamba kumimina zaidi kutaharakisha mambo anajichelewesha. Miligramu 2 kwa lita zinatosha. Zikipita 5 ni hasara.

Sasa tuje pwani. Maji ya tangi lililowekwa sebuleni Kisauni mara nyingi hukaa kati ya nyuzi 27 na 30 bila kipasha chochote, na wakati wa kaskazi, Februari na Machi, hupanda zaidi. Vijidudu tunaowazungumzia hustawi katika nyuzi 25 hadi 30. Kwa hiyo kununua kipasha maji ni kupoteza pesa bure, na zile wiki sita za vitabu mara nyingi huwa tatu au nne. Mpaka hapo joto ni rafiki.

Joto hilo lina upande wa pili, na huu ndio unaosahaulika. Amonia majini huwa ya sura mbili. Moja ina chaji na haimdhuru sana samaki; nyingine haina chaji, nayo hupenya matamvua moja kwa moja. Kipimo cha matone hujumlisha zote mbili na kukupa namba moja. Kinachoamua sura ipi itawale ni joto na pH. Katika maji ya nyuzi 29 yenye pH 7, sura yenye sumu haifiki hata asilimia moja ya jumla. Katika joto lile lile, pH ikiwa 8.2, inafika karibu asilimia 11. Maana yake ni kwamba kipimo kikisoma miligramu 1, samaki wa kwanza yuko kwenye sumu ya miligramu 0.007 hivi, na wa pili yuko kwenye 0.1, mara 14 zaidi. Wafugaji wengi huanza kuwa na wasiwasi sumu hiyo ikipita 0.02.

Na pH ya maji ya Likoni na Kisauni ni ya juu kwa sababu ya ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya ukanda huo imekalia mwamba wa matumbawe ya kale, yaani chokaa, na maji yanayokaa ndani ya chokaa hutoka mazito na yenye alikali. Anayetia vipande vya jiwe la pwani ndani ya tangi kwa urembo anaongeza yale yale. Basi mtu wa Ulaya anayekomaza tangi na samaki wawili watatu ndani, katika maji laini na ya uvuguvugu, anaweza kupita salama na kuandika kitabu kwamba njia hiyo inafaa. Njia hiyo hiyo ikiletwa Shelly Beach, Likoni, samaki anaonekana akihema juu ya maji siku ya nne, matamvua yamewiva mekundu.

Lakini maji ya ng'ambo hayafanani yote, na hapa ndipo uchambuzi wowote wa tangi jipya Mombasa unapotakiwa kukaa zaidi.

Maji ya bomba hutoka mbali. Bomba la chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, lilizinduliwa mwaka 1957, nalo husafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika. Mengine hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere huko Shimba Hills, na visima vya Tiwi upande wa kusini. Hayatoshi mji, ndiyo maana kuna mgao. Yakiwa yametiwa klorini, yataua vijidudu vya filta kama yanavyoua vya kipindupindu. Ushauri wa muuzaji wa kuyaacha maji yalale ulizaliwa hapo: klorini hupotea hewani maji yakikaa wazi siku moja, haraka zaidi ukiweka pampu ya hewa. Kuhusu klorini muuzaji yuko sahihi. Kosa lake ni kudhani klorini ndiyo adui pekee. Kwa hakika, mwenye tangi kubwa la plastiki juu ya paa, ambalo hujazwa Jumatatu na kutumika hadi Ijumaa, ameshaondokewa na klorini bila kujua.

Maji ya mkokoteni ni fumbo. Mtungi wa lita 20 unaofika mlangoni Changamwe au Mikindani unaweza kuwa wa bomba, wa kisima, au mchanganyiko, na leo ukawa huu na kesho ule. Changamwe yenyewe iko juu ya mwamba wa udongo uliogandamana tangu enzi za Jurasiki, tofauti kabisa na matumbawe ya Likoni, hivyo maji yaliyochotwa karibu na yaliyoletwa kutoka ukanda wa pwani hayawezi kuwa na tabia moja. Kwa anayepika ni sawa tu. Kwa anayekomaza tangi, kubadilisha chanzo katikati ya kazi ni kubadilisha pH, chumvi na alikali kwa pamoja, halafu mtu anashangaa kwa nini nitraiti imegoma kushuka. Muulize mwenye mkokoteni anachota wapi, na ukishapata jibu linaloaminika, baki na huyo huyo hadi tangi likomae.

Kisima kina mtego wake. Kisauni ina visima vingi sana, na vingi viko hatua chache kutoka kwenye vyoo vya shimo. Chokaa ya matumbawe imejaa nyufa na mashimo. Maji machafu hupenya haraka bila kuchujwa vya kutosha. Utafiti uliofanywa Kisauni na kuchapishwa mwaka 2006 ulieleza wazi udhaifu huo wa maji ya chini ya ardhi: nitreti na vijidudu vya choo. Kwa afya ya watu hilo ni jambo zito lenye mjadala wake. Kwa mwenye tangi linaleta udanganyifu wa ajabu. Anajaza tangi leo, anasikia kwamba nitreti ikionekana ndiyo dalili kuwa tangi limekomaa, anapima siku ya pili, na nitreti ipo. Anafurahi, anaenda kununua samaki. Nitreti ile haikutengenezwa na filta yake. Ilitengenezwa ardhini na choo cha jirani. Filta bado ni tupu kama ilivyotoka dukani.

Dawa yake ni rahisi: pima maji ya kisima kabla hayajaingia tangini, amonia, nitraiti na nitreti, na uandike namba hizo mahali usipoweza kuzisahau. Baada ya hapo kinachotazamwa ni ongezeko. Na visima vingine huwa na amonia kidogo ya kwao, kwa hiyo kubadilisha maji, jambo linaloaminika kuwa tiba ya kila kitu, huko ni kuongeza dozi.

Haki itendeke: kisima cha chumvichumvi kina faida moja ambayo vitabu vya ugenini haviigusi sana. Nitraiti humdhuru samaki kwa kuingia kwenye damu na kuiharibu isibebe oksijeni. Damu huwa na rangi ya kahawia. Nitraiti hiyo hupita kwenye matamvua kwa mlango ule ule unaotumiwa na kloridi, na kloridi ikiwa nyingi nitraiti hukosa nafasi. Chumvi ya kawaida ni kloridi. Kwa hiyo maji ya visima vya karibu na ufuo Likoni, yale ambayo wenyeji hawapikii chai, humkinga samaki kwa kiasi dhidi ya nitraiti. Hayamkingi dhidi ya amonia, na amonia ndiyo inayotangulia.

Yabaki maji ya mvua. Wakati wa masika watu hukinga paani na kujaza kila chombo, na mtu akiona maji masafi namna hiyo hushawishika kujazia tangi. Lakini kazi ya kuigeuza amonia hula alikali: kila miligramu 1 ya naitrojeni inayogeuzwa humaliza miligramu 7 na kitu za alikali. Maji ya kisima cha matumbawe hayatikisiki. Maji ya mvua hayana akiba hiyo. Baada ya wiki mbili pH huporomoka, vijidudu wanasimama, na tangi linakaa pale pale mwezi mzima. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kisima, au weka maganda machache ya chaza yaliyooshwa ndani ya filta.

Ukishajua maji yako, uchaguzi wa njia hujitokeza wenyewe, hasa ukipiga hesabu kwa mitungi. Chukua tangi la urefu wa sentimita 90, upana 30 na kimo 40. Likishawekwa changarawe hubeba kama lita 100, yaani mitungi mitano. Mtu akikomaza tangi hili samaki akiwa ndani, na akawa mwangalifu kiasi cha kubadilisha nusu ya maji kila siku ili amonia isipande, atatumia mitungi miwili na nusu kwa siku, mitungi 70 kwa wiki nne, juu ya ile mitano ya mwanzo. Asiye na samaki ndani atajaza mitungi mitano, atasubiri, na mwishoni atabadilisha sehemu kubwa ya maji, mitungi minne hivi. Jumla 75 dhidi ya 9. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi na mgao ukikaza bei hupanda, sihitaji hata kuingiza huruma kwa samaki ili kushinda hoja hii. Na anayetumia samaki lakini habadilishi maji, kwa kuwa hana mitungi 70, anajua mwenyewe kitakachotokea.

Amonia ya kulishia vijidudu itoke wapi? Wazungu hununua amonia safi ya chupa. Hapa kilicho karibu ni kamba. Kamba mmoja mbichi kutoka sokoni, amefungwa ndani ya kipande cha chandarua na kuning'inizwa kwenye kona, atafanya kazi hiyo vizuri. Siku ya tatu au ya nne maji huwa meupe kama yaliyotiwa tui, na sebule hutoa harufu. Huo weupe ni bakteria wengine, wala-uozo, ambao huzaana kwa dakika huku wale tunaowataka wakijigawa mara moja au mbili kwa siku. Hapo ndipo wengi huingiwa na hofu, humwaga maji yote, huosha changarawe kwa sabuni na kuanza upya. Ungeacha, yangejitakasa yenyewe ndani ya siku chache.

Mimi naona chakula cha kawaida cha samaki kinamshinda kamba, kwa kuwa kinapimika. Chakula chenye protini asilimia 40 kina naitrojeni kama miligramu 64 katika kila gramu. Gramu moja ikioza yote ndani ya lita 100 hutoa karibu miligramu 0.6 kwa lita. Gramu tatu au nne zilizogawanywa kwa siku kadhaa zinakufikisha kwenye 2, na unajua uliko. Kamba hajui kuhesabu.

Kisha ni kupima. Kipimo cha matone hudanganya chini ya taa nyeupe ya usiku. Kishike dirishani asubuhi, kichupa kikiwa kimegusa kadi ya rangi. Amonia huanza manjano na kwenda kijani. Nitraiti huanza samawati na kwenda zambarau, na ikifika zambarau nzito hukaa hapo muda unaochosha, mara nyingi mrefu kuliko wa amonia. Hakuna kosa, kundi la pili la vijidudu haliwezi kuanza kula kabla la kwanza halijapika. Mwisho wa kazi hupimwa kwa mtihani mmoja: fikisha amonia kwenye 2 jioni, na jioni inayofuata amonia na nitraiti zote zisome sifuri. Tangi likifaulu mara mbili mfululizo, limekomaa, iwe ni siku ya 18 au ya 40.

Njia ya haraka kuliko zote ni kuazima. Mpe rafiki mwenye tangi la siku nyingi sponji yako mpya, ikae pembeni mwa filta yake wiki tatu, kisha uihamishe. Vijidudu wamekwama kwenye sponji, hawaelei. Wanaobeba ndoo za "maji ya zamani" kutoka tangi la mwenzao wanabeba uchafu na nitreti tu. Kama sponji inatoka Kisauni kwenda Likoni, foleni ya feri ni jambo la kufikiriwa. Usiitie ndani ya chupa iliyojaa maji na kufungwa: katika joto la gari oksijeni huisha upesi. Ifunge ikiwa imelowa tu, ndani ya mfuko wenye hewa nyingi, mahali pa kivuli. Na uazime kwa mtu ambaye samaki wake unawajua ni wazima. Sponji kutoka tangi la duka ambamo kila asubuhi wanaopolewa wafu huja na vijidudu vyote, wema na waovu.

Chupa za bakteria zinazouzwa nitazipitia haraka. Baadhi zina vijidudu halisi vya kazi hii. Nyingine zina Bacillus, ambao hustahimili rafu kwa kuwa hujitengenezea mbegu ngumu, lakini hao huozesha uchafu na hawaigeuzi amonia kuwa nitraiti. Wale halisi hawana mbegu ya kujihifadhi. Chupa iliyokaa wiki kadhaa ndani ya kontena kisha miezi kwenye rafu yenye joto la Mombasa ni bahati nasibu.

Umeme nao una usemi wake. Vijidudu hawa wanahitaji oksijeni kama samaki, na maji ya nyuzi 30 hubeba miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hubeba 9. Stima ikipotea jioni, filta ya chombo kilichofungwa, ile ya bei ghali, humaliza hewa yake ndani ya saa chache. Vijidudu wanaanza kufa, na umeme ukirudi usiku wa manane husukuma maji yanayonuka kama yai viza moja kwa moja kwa samaki. Filta ya sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa imekaa wazi ndani ya tangi na huvumilia zaidi. Kwa ng'ambo ningechagua hiyo, na pampu ndogo ya betri kando. Asiye nayo achote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu dakika chache kila baada ya nusu saa. Filta ya chombo ikikatikiwa na stima usiku kucha, ifunguliwe na kuoshwa kwa maji ya tangi kabla haijawashwa.

Kisauni wana mfano mkubwa wa kazi hii, ingawa hauko ndani ya kioo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 na kikaacha machimbo meupe ya chokaa ya matumbawe, hayana udongo, yana maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa kilimo wa kampuni, alianza kuyarudishia uhai. Kati ya miti aliyojaribu, mvinje ulistahimili, kwa kuwa mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Majani yake makavu yalirundikana yasioze, hadi alipoleta majongoo wenye miguu myekundu ambao waliyala na kuyageuza kuwa mbolea. Udongo ukapatikana, ndipo miti mingine na wanyama wakaletwa. Humo ndani alifuga pia tilapia, na mwaka 1982 yeye na John Balarin walichapisha maandishi juu ya ufugaji wa tilapia kwa wingi ndani ya matangi, ambako amonia ndiyo kikomo cha samaki wangapi mtu anaweza kuweka. Anayepita leo katika bustani inayoitwa Haller Park anaona twiga na viboko. Wanaonekana kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuanza na majongoo.

Kwa tangi la maji ya bahari, mtu aliye hatua mia kutoka ufuoni hudhani ana njia ya mkato. Maji anayo, kweli. Lakini pH ya bahari ni 8.1 hivi, kwa hiyo hatari ya amonia haipungui, na sponji ya maji baridi haifai kitu humo. Jiwe hai la mwambani, ambalo vitabu husema ndilo hukomaza tangi kwa haraka, hapa ni la serikali: Mbuga ya Bahari ya Mombasa imelindwa tangu 1986, kuondoa matumbawe ni kosa, na hata samaki wa mapambo wanaovuliwa na wapiga mbizi wa pwani yetu na kusafirishwa nchi za nje huhitaji leseni. Kinachobaki ni mawe makavu ya kununua na kungoja zaidi, mara nyingi miezi miwili.

Samaki gani basi aanze? Maji ya matumbawe tayari yameshachagua. Gapi na moli hujisikia nyumbani Likoni. Hata chumvi kidogo ya kisima huipenda. Samaki wa rangi kutoka Ziwa Malawi wanaishi kwao katika pH inayokaribia ya kisima cha Kisauni, ila ni wagomvi na wanataka tangi kubwa. Neon na diskasi wa Amazoni watateseka katika maji haya hata tangi likiwa limekomaa namna gani. Inanisikitisha kidogo kwamba dukani humwoni Nothobranchius interruptus, samaki mdogo mwenye rangi kali aliyeelezwa kisayansi mwaka 1979 kutoka madimbwi ya mvua ya Kikambala, kaskazini tu ya Mtwapa. Wafugaji wa Ujerumani wanamjua kuliko sisi.

Siku ya kumleta samaki nyumbani, jambo moja limebaki, nalo linatokana na hesabu ile ile ya pH. Samaki aliyefungwa ndani ya mfuko tangu dukani, akavuka feri, akakaa ndani ya matatu, amekuwa akitoa amonia na hewa chafu pamoja. Hewa chafu imeshusha pH ya mfuko, hivyo amonia iliyojaa humo imelala bila madhara makubwa. Ukifungua mfuko na kuanza kudondosha maji ya kisima kidogo kidogo kwa saa nzima, kama wengi wanavyoshauri, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia yote inaamka samaki akiwa bado humo. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa dakika 15 ili joto lilingane, ufungue, mwopoe kwa wavu mara moja na umtie tangini. Maji ya mfuko mwagia mwembe.